SD-WAN kwa biashara yenye matawi: mwongozo wa fundi kutoka Mwanza

Saa nne asubuhi, duka limejaa, simu inaita kutoka Nansio. "Shikamoo kaka. Mtandao umelala tena." Namuuliza taa zipi zinawaka. "Zote zinawaka." Hakuna jibu linaloniumiza kichwa kama hilo. Taa zikizima najua ni umeme. Zikiwaka zote na mauzo hayapiti, ugonjwa unaweza kuwa popote kati ya kaunta ya Ukerewe na seva iliyoko ghorofani huku Mwanza mjini.

Kampuni ninayoihudumia inauza nyavu, spea za injini za boti na vifaa vya ujenzi. Makao makuu yako Mwanza, matawi yako Nansio kisiwani Ukerewe, Sengerema, Geita, Musoma na Bukoba. Kwa miaka mingi kila tawi lilikuwa na laini moja ya intaneti na programu ya stoo iliyoingia moja kwa moja kwenye seva ya Mwanza. Laini ikikata, tawi linarudi kwenye daftari, na jioni mhasibu anapigiwa simu asomewe mauzo, risiti baada ya risiti. Hapa chini ni njia tuliyoifuata kutoka huko, pamoja na mahali nilipojikwaa.

Jina SD-WAN linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni mtandao mpana unaoendeshwa na programu. Kila tawi linawekewa kiboksi kinachoshika laini mbili au zaidi za intaneti. Kiboksi kinachimba handaki la siri, yaani njia iliyofungwa kwa msimbo, juu ya kila laini, kinayapima mahandaki hayo usiku na mchana, kisha kinaamua kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ipite wapi. Sheria za kuamua unaziandika mara moja kwenye kontrola, yaani programu inayoviongoza viboksi vyote, navyo vinazipokea. Wavuvi wetu wanaijua kazi hiyo: upepo ukichafuka upande mmoja wa kisiwa, mtumbwi unapita upande wa pili.

Utaniuliza: si kuna ruta za bei nafuu zinazoshika laini mbili? Zipo, na kwa duka moja zinatosha. Tatizo lake ni kwamba zikihama laini, anwani yako kwenye intaneti inabadilika, na muamala uliokuwa katikati unakufa. Kwenye SD-WAN programu ya stoo inaona anwani ile ile ya ndani ya handaki, laini yoyote iwe chini yake. Muuzaji anaona kusita kwa sekunde moja, mbili, halafu risiti inatoka.

Anza na daftari

Kabla hujaomba bei kwa yeyote, kaa kwenye kaunta ya tawi moja tangu linafunguliwa hadi linafungwa. Usimuulize meneja wa tawi, tazama mwenyewe. Mimi nilikaa Sengerema siku mbili, baada ya kuhakikishiwa kwamba intaneti ya pale ni "ya stoo tu". Ya stoo ilikuwepo, na kila mauzo yalituma kilobaiti chache. Pamoja nayo nilikuta simu za ndani zinazopita mtandaoni, kamera nne za ulinzi zinazopakia video saa zote kwenda seva ya nje ya nchi, kompyuta ya ofisini inayojisasisha Windows saa tano asubuhi wakati foleni iko mlangoni, na simu saba za wafanyakazi kwenye waifai. Jumamosi mchana, wakati wa mechi, hesabu yake unaijua.

Gawa ulivyoviona mafungu matatu. Fungu la kwanza ni lile lisilosubiri: stoo, malipo, simu. La pili linasubiri kidogo: barua pepe, ripoti, mafaili ya mhasibu. La tatu halina haki ya kumsumbua mtu mchana: video za kamera, masasisho, nakala za akiba. Karatasi hiyo moja ndiyo utakayoigeuza kuwa sheria za kontrola baadaye, kwa hiyo usiitupe.

Pima wiki mbili

Kasi iliyoandikwa kwenye mkataba iache huko huko kwenye mkataba. Weka kompyuta ndogo tawini, au ruta yenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta), ipige pingi, yaani ujumbe mdogo unaosubiri jibu, kila sekunde kumi kwenda seva ya Mwanza na kwenda seva nyingine iliyoko Dar es Salaam, na iandike matokeo pamoja na saa. Unatafuta mambo matatu: muda wa kwenda na kurudi, pakiti zinazopotea, na jita, yaani ule muda unavyorukaruka kutoka pingi moja hadi nyingine.

Ujue pia kiwango ambacho fizikia inakuruhusu. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, kwa hiyo faiba inayofuata barabara haiwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 11, hata ulipie nini. Ukiona 20 au 30, shukuru. Ukiona 180 kwenda seva ya Dar es Salaam, huenda pakiti zako zinazurura nje ya nchi kabla ya kurudi nyumbani, na hilo ni la kumuuliza mtoa huduma wako kwa maandishi.

Usitazame wastani. Wastani wa Nansio ulikuwa mzuri wa kuonyesha wageni. Nilipopanga vipimo kwa saa ndipo nikaona kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni, watu wanaporudi nyumbani na kufungua simu zao, pakiti zilikuwa zinapotea kwa mafungu. Ndiyo saa ambayo tawi linafunga hesabu.

Njia mbili zisizokutana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotea. SD-WAN haitengenezi intaneti. Inachagua kati ya ulizonazo, na ukiwa na njia mbili ambazo kwa kweli ni njia moja, umenunua kiboksi cha kuchagua kati ya kifo na kifo.

Makao makuu yetu yalikuwa na faiba mbili kutoka kampuni mbili, tukilipia zote kila mwezi na kujisifu. Asubuhi moja lori la mchanga likarudi nyuma na kugonga nguzo upande wa Igoma. Faiba zote mbili zikakata dakika ile ile. Nilifika pale na pikipiki nikakuta nyaya zote mbili zimening'inia kwenye nguzo moja, kama kanga mbili kwenye kamba moja. Kampuni hazikutudanganya, sisi ndio hatukuuliza.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwezi una saa 720. Laini inayokatika asilimia 2 ya muda inakunyima saa 14 na ushei. Ukiwa na mbili za namna hiyo, na kukatika kwa moja hakuna uhusiano na kukatika kwa nyingine, zitakuwa chini kwa pamoja asilimia 0.04 ya muda, yaani kama dakika 17 kwa mwezi. Kutoka saa 14 hadi dakika 17! Wauzaji wanaipenda sana hesabu hii. Wasichokwambia ni kwamba yote imesimama juu ya yale maneno "hakuna uhusiano". Zikishirikiana nguzo, mtaro, mnara au soketi ya umeme, unarudi kwenye saa 14.

Kwa hiyo fuata waya kwa miguu. Toka mlangoni, inua macho, tembea nao hadi utakapoingia ardhini au kwenye kabati la kampuni, kisha rudi ufuate wa pili. Omba kila kampuni ikuonyeshe ramani ya njia yake hadi kituo chake cha kwanza. Piga traceroute, amri inayoorodhesha vituo ambavyo pakiti inapitia, kwa kila laini na ulinganishe vituo vya katikati. Vikianza kufanana mapema, uliza. Usisahau kwamba hata faiba za kampuni tofauti zinaweza kuja kukutana mbele ya safari juu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Hilo huwezi kulizuia ukiwa dukani, ila ni heri kulijua.

Laini za simu nazo zina mtego wake. Minara mingi nchini hubeba antena za kampuni zaidi ya moja, hivyo simkadi mbili za rangi tofauti zinaweza kuning'inia kwenye mnara mmoja, na jenereta lake likiishiwa mafuta zinalala pamoja. Pakua programu ya simu inayoonyesha namba ya seli, zunguka nayo nyuma ya duka, uone kila mtandao unatokea upande gani. Nansio ilibidi nipandishe antena ya nje na kuielekeza mnara wa mbali zaidi kwa laini ya pili. Kasi ilishuka, lakini sasa zinaanguka kwa zamu.

Na kwa anayefikiria kurusha redio juu ya maji: ziwa ni kioo. Wimbi moja la redio linafika moja kwa moja, lingine linagonga maji kwanza, na yakikutana kwenye antena huweza kufutana. Leo shwari, kesho mawimbi, hali inabadilika bila wewe kugusa kitu. Mwaka 2020 maji yalipopanda na kumeza fukwe, kimo cha kioo chenyewe kilibadilika. Kampuni kubwa hujikinga kwa kufunga antena mbili za kupokea kwa vimo tofauti kwenye mnara mmoja. Fundi mdogo ajaribu kuchagua mahali ambapo kilima au mwamba unaficha ile sehemu ya maji inayorudisha wimbi. Sisi wa Mwanza mawe hatujakosa.

Kuna kukatika ambako hakuna kiboksi kitakachokuokoa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika na nchi nzima ikayumba. Mwenye laini tatu na mwenye laini moja walilia pamoja kwa kila kitu kilichohitaji kutoka nje. Funzo nililochukua ni dogo na la kazi: programu ya stoo na malipo ya ndani visitegemee seva iliyoko Ulaya ikiwa seva ya Mwanza au Dar es Salaam inatosha.

Nani ataendesha

Milango ni mitatu. Unaweza kukodi huduma kamili kutoka kampuni ya intaneti, wao wakalete viboksi na kuvisimamia. Ni raha, ila mara nyingi watataka laini zote mbili ziwe zao, na tumeshasema kuhusu nguzo moja. Unaweza kununua viboksi vya Fortinet, Cisco au wengine wa namna hiyo, wenye kontrola nzuri na leseni ya kila mwaka. Au ujenge mwenyewe kwa ruta za MikroTik au za OpenWrt na mahandaki ya WireGuard, programu huria ya kuchimba mahandaki, ambapo hakuna leseni ya kila mwaka na fundi ndiye gharama.

Ukienda mlango wa pili, uliza swali moja kabla ya bei: leseni ikiisha, kiboksi kinaendelea kupitisha data, au kinageuka tofali? Majibu yanatofautiana kati ya watengenezaji. Leseni nyingi zinanukuliwa kwa dola, na mwaka wa pili shilingi haitakuwa pale ulipoiacha. Sisi tulichagua mlango wa tatu kwa sababu tuna mafundi wawili wanaolala Mwanza. Kama fundi ni mmoja na anatafuta kazi Dar es Salaam, usiuguse mlango huo.

Panga anwani

Hatua hii ni fupi na huiruki. Kila tawi lipewe fungu lake la anwani za ndani lisilofanana na la mwingine: Mwanza 10.20.1.0, Nansio 10.20.2.0, Sengerema 10.20.3.0, na kuendelea. Matawi yetu yote yalikuwa 192.168.1.0, kama ruta zilivyotoka kiwandani, na mahandaki yakishaunganishwa printa ya Geita na kompyuta ya Musoma zinagombania anwani moja. Badilisha usiku, tembelea kila printa.

Nyota, wala si utando

Programu nyingi zitakuuliza kama unataka kila tawi liongee na kila tawi, au yote yapitie makao makuu. Utando unavutia machoni kwenye kioo cha kontrola. Niliuchagua mara ya kwanza, nikautia laini za simu, na kufikia katikati ya mwezi bando la Nansio lilikuwa limekwisha, duka lenyewe likiwa limefungwa wiki nzima kwa msiba. Hakuna aliyelitumia. Nililila mimi.

Ilikuwa hivi. Vituo sita, kila kimoja na laini mbili. Kwa utando, kila laini ya Nansio inachimba mahandaki kwenda laini mbili za vituo vitano, jumla kumi. Kila handaki linapimwa kwa pakiti ndogo, tuseme baiti 100 kwenda na 100 kurudi, kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400, hivyo handaki moja linakula megabaiti 17 na zaidi kwa siku. Zidisha kwa kumi: megabaiti 173 kwa siku, gigabaiti 5 na ushei kwa mwezi, kabla hujauza hata ndoano. Programu nyingine hupima mara kumi kwa sekunde. Hapo zidisha tena.

Tawi la Nansio lina habari gani ya kuongea na Bukoba? Karibu hakuna. Tukahamia umbo la nyota: kila laini ina mahandaki mawili tu, kwenda laini mbili za Mwanza. Kwenye faiba tunapima kila sekunde, kwenye laini ya simu kila sekunde tano. Upimaji ukashuka hadi kama megabaiti 200 kwa mwezi kwa laini hiyo.

Kufunga tawi la kwanza

Chagua tawi la majaribio ambalo si jepesi mno wala si gumu mno. Sisi tulianza Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hatuna tena foleni ya kivuko, na kwa fundi anayesahau kebo nyumbani hiyo si habari ndogo.

Andaa kiboksi mezani Mwanza, kwenye laini mbili za simu, hadi mahandaki yote yasimame. Kisha bandika utepe wa rangi kwenye kila tundu na kila waya: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu. Siku moja utamwelekeza muuzaji kwa simu, na "chomoa WAN mbili" haimwambii kitu. "Chomoa wa buluu" inamwambia.

Mambo mawili hukwamisha karibu kila mtu hapa. La kwanza ni anwani za kampuni za simu. Wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiona modemu yako imepewa anwani kati ya 100.64 na 100.127, ndipo ulipo. Tawi linaweza kupiga hodi makao makuu, lakini makao makuu hayawezi kupiga hodi tawini. Basi angalau Mwanza iwe na anwani ya umma isiyobadilika, na tawi ndilo lianze kugonga. Kwenye WireGuard washa ule ukumbusho wa kila sekunde 25 ili mlango usijifunge.

La pili ni ukubwa wa pakiti, na dalili zake zinachanganya. Pingi inapita. Kuingia kwenye programu kunapita. Ukifungua ripoti ndefu, inaning'inia. Pakiti ya kawaida ni baiti 1,500, na handaki linaivisha bahasha: WireGuard inaongeza baiti 60 juu ya IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, na 80 juu ya IPv6, ule mpya, ndiyo maana yenyewe hujiwekea ukomo wa pakiti wa 1,420. Laini ya simu inaweza kuwa imeshavaa bahasha nyingine kabla yako. Shusha ukomo hadi 1,380, bana pia kwenye ruta ukubwa wa pakiti za TCP, zile zinazobeba kurasa na mafaili, jaribu ripoti ile ile tena. Nilipoteza siku mbili nikilaumu seva kwa kosa hili.

Sheria

Rudi kwenye karatasi yenye mafungu matatu. Andika sheria kwa Kiswahili kwanza, umsomee bosi, ndipo uziingize kwenye kontrola. Za kwetu zinasema hivi: Stoo na malipo yapite laini yoyote iliyo nzima kwa wakati huo. Simu zipite faiba, na zihame muda wa kufika ukizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, ambao ndio ukomo unaopendekezwa na ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kwa mazungumzo mazuri. Kamera zipakie usiku, kwa faiba pekee. Faiba ikifa, zisubiri. WhatsApp na tovuti za kawaida zitokee hapo hapo tawini, hazina sababu ya kuzungukia Mwanza. Waifai ya wafanyakazi iwe peke yake, na dari yake ya kasi.

Simu moja ya ndani isiyobanwa inakula karibu kilobiti 100 kwa sekunde kila upande ukihesabu na handaki. Hesabu simu zinazoweza kupigwa kwa wakati mmoja, utenge nafasi yake.

Tahadhari moja: laini inayokuja na kuondoka ni mbaya kuliko iliyokufa. Ukiiambia programu ihame mara tu pakiti inapopotea, itaruka huku na huku kama panzi na kila mruko utasikika kwenye simu. Tumeweka kwamba ihame pakiti zikipotea zaidi ya asilimia 3 kwa sekunde kumi, na isirudi hadi laini itulie dakika tano mfululizo. Haraka kuondoka, taratibu kurudi.

Umeme na radi

Laini tatu na umeme mmoja ni laini moja. Kiboksi, modemu na swichi ndogo za tawi letu zinakula kama wati 25 kwa pamoja. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 18 ina wati-saa 216. Betri ya asidi usiivue zaidi ya nusu, hivyo unapata saa nne na kidogo. Zinatosha kwa kukatika kwingi kwa mchana. Printa usiiweke hapo, itaimaliza.

Kandokando ya ziwa hili radi ni jirani wa kila usiku wa masika. Antena ikiwa juu ya bati, funga nondo ya ardhi inayoeleweka, na waya unaoshuka usiingie moja kwa moja kwenye kiboksi. Mimi huweka kipande cha mita chache cha faiba kati ya mlingoti na ruta, pamoja na vigeuzi viwili vya bei nafuu vya kugeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Kioo hakipitishi umeme. Geita tumepoteza kigeuzi kimoja, ruta ikabaki nzima.

Vuta waya mbele ya watu

Usikabidhi tawi hadi umeling'oa nyaya. Nenda saa ya wateja. Mwambie muuzaji aanze mauzo, na katikati yake vuta wa buluu. Risiti itoke. Rudisha, subiri dakika tano, vuta mwekundu. Kisha zima umeme ukutani. Kisha piga simu Mwanza na uvute tena mkiwa mnaongea.

Kufa kwa laini ni mtihani mwepesi. Mgumu ni kuumwa: laini ipo, taa zinawaka, pakiti moja kati ya kumi inapotea. Kwenye ruta ya Linux amri ya tc inaweza kuiga hali hiyo, ukaongeza ucheleweshaji na upotevu kwa makusudi. Ndiyo hali ya Nansio ya siku zote, na ruta yetu ya zamani isingeigundua hata kwa mwaka mzima, kwa kuwa kwake yeye laini yenye taa ni laini nzima.

Funguo na serikali

Kontrola ni ufunguo wa nyumba zote sita. Iwekee uthibitisho wa hatua mbili, kila fundi awe na jina lake la kuingilia, na anayeondoka kazini afutwe siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana vizuri. Kila kiboksi kiwe na ufunguo wake. Kikiibwa, unaufuta huo mmoja na matawi mengine hayaguswi.

Upande wa sheria, nunua vifaa vilivyoidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mahandaki haya ni VPN, yaani mtandao binafsi unaopita juu ya intaneti ya umma, na Oktoba 2023 mamlaka hiyo ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN kwa shughuli zao zitoe taarifa zake, pamoja na anwani za IP. Sisi tulipeleka zetu. Kama mnahifadhi majina na namba za wateja, kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayogusa hadi mahali seva ilipo. Mpe mwanasheria wenu mchoro wa mtandao, atakushukuru.

Ukutani

Sasa kila tawi lina karatasi moja iliyogandishwa plastiki, ukutani juu ya kiboksi. Ina mistari minne. Taa ya buluu ikizima, endelea kuuza, mjulishe fundi ukipata nafasi. Taa nyekundu ikizima, vivyo hivyo. Zote mbili zikizima, tazama betri, kisha piga simu. Usibonyeze kitufe cha nyuma.

Huo wa nne niliuongeza baada ya Musoma.

Kwenye stoo ya Mwanza kuna kiboksi cha sita cha tawi, kimeshaandaliwa, kimefungwa kwenye boksi la nyavu pamoja na nyaya zenye utepe. Tawi la kisiwani likiharibikiwa, kinapanda kivuko cha kesho asubuhi. Muuzaji anakipokea Nansio, anachomeka buluu kwenye buluu na nyekundu kwenye nyekundu, nami naingiza ufunguo wa tawi nikiwa mezani huku. Mara ya mwisho tulipofanya hivyo, dada wa kaunta alinipigia kabla sijamaliza chai. "Kaka, taa zote zinawaka."

Nikamuuliza kama risiti inatoka.

"Inatoka."